Mbona dizeli ya kisasa inadumu kwa mtu wa safari, kwa mtu wa mjini inakufa

Kuna gari mbili zimepita gereji yetu hapa Malindi ambazo huwa nazitolea mfano kila mtu akiniuliza habari ya dizeli. Ni gari aina moja, mwaka mmoja, injini ile ile ya lita mbili na ushei yenye tabo, kile kifeni kinachoshindilia hewa ndani ya injini, zote zilitoka Japani zikashuka Mombasa. Ya kwanza ni ya bwana mmoja anayebeba watu na vifurushi kati ya hapa na gati ya Mokowe, pale pa kuvukia Lamu, kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 400 na anaenda mara tatu nne kwa wiki. Gari yake imepita kilomita laki tatu na injini haijafunguliwa. Ya pili ni ya mwalimu mmoja anakaa Muyeye, mtaa wa hapa hapa mjini, gari yake kazi ni nyumbani shule, shule sokoni, sokoni nyumbani, basi. Hiyo ilifika kwangu na kilomita laki moja na kumi, taa tatu zawaka kwenye dashibodi, nguvu hakuna, ukikanyaga inavuta kama imefungwa kamba kwa nyuma, na fundi wa mwisho aliyeiona alikuwa ashamwambia injini imekwisha atafute nyingine.

Mwalimu alikuwa na uchungu na nilimuelewa. "Fundi, hii gari naitunza kama mboni ya jicho, siipeleki safari, sibebi mizigo, siipi mtu, sasa mbona inanifanyia hivi?" Nikamwambia mwalimu, hilo la kutoipeleka safari ndo tatizo lenyewe. Hakuniamini siku ile na sikumlaumu, manake sisi sote tumelelewa kwa fikra kwamba chombo kisichofanya kazi ngumu ndo kinadumu, na kwa injini za zamani ilikuwa ni kweli kiasi fulani. Kwa hizi za sasa si hivo, na ukishaelewa kwa nini si hivo utaelewa karibu matatizo yote ya dizeli za kisasa, kwa sababu yamefuatana kama pete za mnyororo, moja limeshika lingine.

Hebu tuanze na injini yenyewe. Dizeli haina plagi ya cheche kama petroli. Inachofanya ni kubana hewa ndani ya silinda mpaka hewa ijae joto la zaidi ya digrii 500, alafu inamwagiwa dizeli, dizeli ikigusana na ile hewa inawaka yenyewe. Rudolf Diesel aliipata hiyo mwaka 1897 na mpaka leo msingi haujabadilika. Kwa sababu ya kule kubana, injini ya dizeli inaundwa na vyuma vizito kuliko ya petroli, na hapo ndo ilipopata jina la kudumu. Zile Land Cruiser za 4.2 zisizo na tabo, injini ya 1HZ ambayo wazee wa huku wanaijua kutoka kwa gari za hospitali na za watalii wa Tsavo, pampu inasukuma dizeli kwa nozeli, nozeli inanyunyiza, moshi unatoka nyuma, mambo yamekwisha. Ikikusumbua unafungua kwa spana na macho.

Kilichobadilika ni vitu vilivyoizunguka injini. Kwanza ikaja komoni reli, kwa malori 1995 na kwa gari ndogo 1997, gari ya kwanza ilikuwa Alfa Romeo 156. Hapo dizeli haisukumwi tena kwa kila nozeli kwa zamu yake, inakaa ndani ya paipu moja nene ya chuma ikiwa imeshindiliwa kwa presha kubwa, kisha kompyuta ndo inaamua injekta ipi, yaani nozeli ya kisasa, ifunguke saa ngapi na kwa muda gani, na inaweza kufungua mara tano kwa mpigo mmoja wa pistoni, tone dogo, tone kubwa, tone dogo. Presha yenyewe ni bar 1,600 mpaka 2,000 na kuna zinazopita hapo, na tairi la gari yako lina bar 2 na kidogo, kwa hiyo unazungumzia kitu cha karibu mara 800 au 900 ya tairi. Ndo maana dizeli za sasa hazipigi kelele, zina nguvu na zinakula mafuta kidogo, wallahi ni kazi ya akili sana na mimi kila nikifungua injekta nastaajabu. Lakini zile nafasi za ndani ya injekta ni mikroni chache tu, unywele wako ni kama mikroni 70, sasa fikiria chembe ya mchanga au tone la maji likipita pale kwa presha hiyo.

Pili zikaja sheria za moshi. Ulaya na Japani walikaza mwaka baada ya mwaka, na watengenezaji wakaongeza vitu viwili ambavyo ndo vinaleta watu gereji zaidi ya vingine vyote, EGR na DPF. Na usifikirie ni habari ya Wazungu huko isiyotuhusu, Kenya sheria inasema gari ya mtumba isizidi miaka 8, kwa hiyo dizeli ndogo zinazoshuka Mombasa leo kutoka Japani zote zinakuja na hivo vitu, utake usitake.

EGR ni valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ivutwe tena. Mtu akisikia hivo kwa mara ya kwanza anashangaa, kwani ni nani anataka kupumua moshi wake mwenyewe? Lakini ina sababu. Injini ikiwaka kwa joto kali sana inatengeneza gesi za nitrojeni zinazochoma mapafu, ukichanganya hewa na moshi kidogo moto unapoa na gesi hizo zinapungua. Ubaya ni kwamba ule moshi una masizi, na upande wa kuvuta hewa mna mvuke wa oili unaotoka ndani ya injini, na masizi yakikutana na mvuke wa oili yanakuwa kama lami. Nishafungua menifodi, ile njia ya kuingizia hewa kwa injini, ambayo tundu lake la kawaida linaingia vidole vitatu, nikapata limebaki la kidole kimoja. Injini haipati hewa, ikikosa hewa inatoa masizi zaidi, masizi zaidi yanaziba zaidi. Ushaona pete ya kwanza ya mnyororo.

DPF nayo ni chujio la moshi, liko kwenye ekzosi, ndani ni kama sega la nyuki la udongo wa kuchomwa. Kazi yake ni kushika masizi yasitoke nje. Sasa masizi yakijaa yanaenda wapi? Hapa ndo watu wengi wanapotea, na ndo pana uzito wa haya mazungumzo yote. Yanachomwa mumo humo. Ukienda mwendo mrefu kwa spidi, ekzosi inapata joto na masizi yanaungua polepole yenyewe. Yasipoungua, kompyuta ikiona chujio limefika kiwango fulani inaanza kazi ya kulichoma kwa makusudi, mafundi tunaita rijeni, inamwaga dizeli ya ziada kwa injekta wakati pistoni ishamaliza kazi, ile dizeli haiungui ndani ya silinda, inatoka na moshi na kwenda kuwakia kwenye ekzosi, joto linapanda mpaka kama digrii 600 na masizi yanaisha. Hiyo kazi inataka gari iwe inatembea vizuri, injini iwe imepata moto kamili, dakika 15 mpaka 20 bila kuzimwa.

Bwana wa Mokowe akitoka hapa, akivuka daraja la Sabaki, Mambrui, Gongoni, anaendelea hivo mpaka Garsen na Witu, gari yake inarijeni njiani bila yeye kujua. Mwalimu akitoka Muyeye mpaka shule ni dakika nane, na njiani matuta hayahesabiki, tuktuk mbele, bodaboda kushoto, gia ya pili muda wote. Kompyuta inaanza kuchoma, mwalimu anafika, anazima. Jioni inaanza tena, anazima tena. Masizi hayaishi, na ile dizeli ya ziada iliyomwagwa sehemu yake inaganda kwa ukuta wa silinda na kuteremka chini kwa oili. Inaendelea wiki, miezi.

Nilipochomoa kijiti cha oili cha gari yake, oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa kiasi cha kidole. Nikanusa, dizeli. Watu wakiona oili imepanda wanafurahi wanasema gari haili oili. Ndugu yangu, oili haizaliani humo ndani. Ikiwa imepanda basi kuna kitu kimeingia, na kwa dizeli yenye DPF kitu hicho mara nyingi ni dizeli. Mazda kwenye zile CX-5 za dizeli walijua hilo mpaka wakaweka alama ya X kwenye kijiti juu ya alama ya kujaa, oili ikikaribia X unamwaga hata kama kilomita hazijafika. Na oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi kama chai ya rangi. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imeelea juu ya oili tu, oili ikiwa maji maji shafti inagusa chuma. Beringi za krenki vilevile. Na injini nyingi zenye cheni ya taiming, ile inayopanga valvu zifunguke saa ngapi, kinachoikaza ile cheni ni presha ya oili, kwa hiyo oili mbovu inalegeza cheni, cheni inapiga kelele asubuhi ukiwasha, na ikiruka meno valvu zinakutana na pistoni. Sasa umeona mtu anakuja kulia tabo imekufa, anabadilishiwa tabo kwa pesa nyingi, baada ya miezi minne na mpya imekufa, manake iliyokuwa inaua tabo haikuguswa.

Kwa gari ya mwalimu bado kulikuwa na kitu kinanisumbua. Kuna watu wengi wanatembelea mjini tu na gari haziharibiki kwa kasi ile. Nikaunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, nikaitembeza mpaka Gede na kurudi nikiangalia namba, na joto la injini halikupita digrii 65. Injini ya aina ile inatakiwa 85 mpaka 90. Nikafungua kwenye mlango wa maji, hakuna themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende rediata mpaka injini ipate moto. Nikamuuliza, akakumbuka miaka miwili nyuma paipu ya rediata ilipasuka maeneo ya Barani, aliyemtengenezea akaweka paipu mpya na "akaondoa kile kidude ili isichemke tena na hili joto letu." Hapo ndo palipoanzia yote.

Naomba nikae hapo kidogo kwa sababu hii tabia ya kutoa themostati imejaa pwani nzima na inaua injini za watu. Kwa injini za zamani ulikuwa unaweza kuponea. Kwa dizeli ya kisasa themostati ikitoka injini haipati moto, injini isipopata moto kompyuta haikubali kuanza rijeni au inaanza na kukata, na pia inafikiri injini bado ni baridi kwa hiyo inamwaga dizeli zaidi, masizi yanaongezeka, EGR inaziba, DPF inajaa, oili inaingia dizeli. Kidude kidogo kama kizibo cha chupa, na taa tatu kwenye dashibodi hazikutaja jina lake hata mara moja. Zilitaja DPF, zilitaja EGR, zilitaja tabo. Na injini ikichemka Malindi si kwa sababu ya jua la Malindi, jua la digrii 32 si kitu kwa injini inayowaka kwa mamia ya digrii, inachemka kwa sababu rediata imeziba au maji yamevuja au feni haizunguki. Tafuta hiyo.

Na maji yenyewe. Visima vingi vya huku ni maji ya chumvi, tunajua sote, hata chai haipikiki, alafu mtu anachota ndoo ya kisima anajaza rediata. Hedi, yaani vichwa vya injini, za sasa ni aluminiamu, si chuma cha pua wala si chuma kizito cha zamani, na aluminiamu na chumvi ni maadui. Inaliwa taratibu, hedi gasketi inaanza kupitisha, maji yanapungua bila kuona yanavuja wapi, moshi mweupe asubuhi wenye harufu tamu kidogo. Tumia kulanti, ile dawa ya maji ya rediata, ya kweli iliyochanganywa, na kama umekwama njiani na huna, bora hata maji ya kunywa ya chupa kuliko ya kisima, kisha ukifika umwage uweke ya sawa. Chumvi hiyo hiyo iko hewani, gari inayolala karibu na bahari huku Silversand au Casuarina utakuta soketi za nyaya za sensa zimeota kutu ya kijani, na sensa moja ikidanganya kompyuta nayo inaamua vibaya. Kabla hujanunua sensa mpya fungua soketi uitazame, mara nyingi ni kusafisha tu.

Kuhusu mashine ya kuskani, nisieleweke vibaya, siwezi kufanya kazi bila hiyo mashine. Lakini namba inayotoka pale si jina la spea ya kununua, ni malalamiko. Mashine ikisema hewa ya tabo haitoshi inaweza kuwa tabo, inaweza kuwa paipu ya intakula, kile kinachopoza hewa ya tabo, imepasuka, inaweza kuwa EGR imekwama wazi, inaweza kuwa DPF imeziba mpaka moshi hautoki. Mgonjwa akisema kichwa chauma daktari hakati kichwa. Mwambie fundi wako akuonyeshe namba zinazotembea wakati gari inaendeshwa, joto la maji, presha ya reli, presha ya moshi kabla na baada ya DPF, na kilomita tangu rijeni ya mwisho. Hiyo ya mwisho ni nzuri sana. Gari ya safari utakuta inarijeni kila kilomita mia kadhaa na inamaliza. Ya mwalimu ilikuwa imejaribu kila baada ya kilomita thelathini hivi na kushindwa.

Sasa mafuta, manake upande wa injekta huu mnyororo una mlango wake mwingine. Zamani dizeli ya Kenya ilikuwa na salfa nyingi, tangu Januari 2015 tumeingia kwenye dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, ambayo kwa DPF inaweza kwenda vizuri. Kwa hiyo yule anayekuambia dizeli yetu haifai kabisa kwa gari hizi anasema habari ya zamani. Tatizo ni kinachoongezwa njiani. Mafuta taa yalikuwa yakichanganywa na dizeli kwa wingi mpaka serikali mwaka 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Mafuta taa hayalainishi, na pampu ya presha haina oili yake, inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita. Pampu ikikauka inajisaga, vumbi la chuma linaingia reli, linaingia injekta, linarudi tangini, na hapo ukibadilisha pampu peke yake ndani ya wiki moja umeua mpya. Lazima tangi lioshwe, paipu, reli, injekta zipimwe zote. Ni kazi ghali na inauma kumuambia mtu.

Maji nayo. Hewa ya huku ina unyevu, tangi likikaa nusu tupu kwa siku nyingi matone yanajitengeneza kwa ukuta wa ndani, na masika yakipiga matangi ya chini ya stesheni yanaweza kuingia maji. Chini ya filta ya dizeli kuna kijibomba cha kutolea maji, watu wengi wana gari miaka mitano hawajui kipo. Kifungue kila unapofanya sevisi, na kila baada ya mvua kubwa, mwaga kwenye chupa tupu inayoonyesha ndani uangalie, dizeli itaelea juu na maji yatakaa chini utayaona kwa macho. Nunua mafuta stesheni yenye magari mengi ambapo dizeli haikai, usinunue ya mtungi kando ya njia, na filta badilisha na uweke nzuri, ile ya bei ya chini inapitisha chembe ambazo injekta haiwezi kuvumilia. Na ukiwekewa petroli kwa bahati mbaya usiwashe, hata swichi usifungue kwa sababu pampu ya tangini kwa gari nyingi inaanza pale pale. Sukuma pembeni, tangi limwagwe, umepona.

Injekta zikishukiwa kuna kipimo rahisi ambacho unaweza kusimama ukakitazama mwenyewe. Kila injekta inarudisha dizeli kidogo, unachomoa vipaipu vya kurudishia unavielekeza kwa chupa nne ndogo zinazolingana, unawasha gari dakika kadhaa. Chupa zikijaa sawa sawa injekta ni nzuri upande huo, moja ikijaa mbio kuliko wenzake hiyo ndo mgonjwa. Kwa hiyo mtu akikuambia zote nne zimekufa bila kukuonyesha chupa muombe akuonyeshe. Ukibadilisha, injekta ina namba ndefu juu yake, hiyo namba inatakiwa kuingizwa kwa kompyuta ya gari ili ijue tabia ya ile injekta mpya, na washa ya shaba, ile ringi inayokaa chini ya injekta, inatumika mara moja tu. Ukirudisha ya zamani moshi wa silinda unapenya pembeni unaganda kama makaa, na kwenye baadhi ya injini, kama zile D-4D za 3.0 za Toyota ambazo injekta zimefunikwa na kava ya valvu, ule moshi unaingia kwa oili na kuja kuziba chujio la oili chini kwenye sampu, lile bakuli la oili. Injini inakosa oili ikiwa oili imejaa. Washa ya bei ya mkate.

Oili pia wacha niseme haraka. DPF inashika vitu viwili, masizi na jivu. Masizi yanaungua, jivu haliungui kamwe, na jivu linatoka kwenye oili. Jiko la makaa unalijua, moto ukiisha jivu limebaki, lazima uzoe. Kwa hiyo oili ya lori kubwa la zamani ukiitia kwa gari yenye DPF unajaza jivu. Tafuta yenye jivu kidogo, iliyoandikwa DL-1 kwa gari za Kijapani au C3 kwa za Ulaya zinazoikubali, kitabu cha gari kinasema. Na kwa mtu wa mjini mimi nasema kilomita 5,000 au miezi sita umwage, kitabu kinaweza kusema 10,000 lakini kitabu hakijui unaishi Muyeye na unafanya kazi Shella ya hapa hapa Malindi. Zile za Ulaya zenye tangi la pili la AdBlue, maji ya dawa ya kusafisha moshi, jaza AdBlue, usitie maji.

Kuhusu kukata DPF. Kila wiki naulizwa, wengi washaambiwa suluhisho ni kuipasua, kutoa sega lote, kuichomelea tena na kudanganya kompyuta. Najua inafanyika na najua taa inazima. Mimi siifanyi na nitasema kwa nini. Kwanza haikutibu kitu, gari ya mwalimu ningeikata DPF ingeendelea bila themostati, na EGR imeziba, na tungeenda kuua injini kimya kimya bila taa ya kutuambia. Pili, Shirika la Afya Duniani kupitia kitengo chake cha saratani lilitangaza mwaka 2012 kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani, si huenda, unasababisha. Sega lile ndo linashika zile chembe. Tunapakia watoto wa shule mbele ya geti, injini inaunguruma, ekzosi iko sawa na pua ya mtoto wa darasa la kwanza. Siwezi. DPF iliyojaa masizi inachomwa kwa mashine, gari imesimama mahali pa wazi pasipo na majani makavu chini manake ekzosi inakuwa moto wa kuwasha nyasi, iliyojaa jivu inafunguliwa na kuoshwa kwa dawa yake, na iliyopasuka ndo inabadilishwa.

Ya mwalimu tulirudisha themostati, kulanti mpya, tukasafisha EGR na menifodi siku nzima, tukamwaga oili, tukachoma DPF kwa mashine, tukamwaga oili tena kwa sababu rijeni ile nayo imeshusha dizeli. Tabo niliishika shafti nikaitikisa, ilikuwa na mchezo kidogo lakini bado iko ndani ya kiwango, nikaiacha. Injini iliyoambiwa imekwisha ilikuwa nzima. Sasa Jumamosi anaipeleka mpaka Kilifi kwa dadake, kilomita kama 60, anakwenda gia ya nne injini iko mizunguko elfu mbili na zaidi, akifika anaiacha iungurume dakika moja hivi tabo ipoe ndo anazima. Na akiona mzunguko umepanda kidogo wakati amesimama, feni inaunguruma na kuna harufu ya kuungua, anajua inarijeni, hazimi, anazunguka mpaka njia ya Sala na kurudi.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue dizeli au petroli nitakuuliza kwanza unalala wapi na unafanya kazi wapi. Kama maisha yako ni ndani ya Malindi mjini na safari ni Pasaka na Idi, chukua petroli uwe na amani. Kama unakwenda Mombasa kila wiki, au una shamba Langobaya, au unabeba watu Lamu, dizeli itakulipa. Ukienda kuiona ya kununua mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono juu ya boneti, ikiwa ya moto rudi kesho asubuhi. Iwashe ikiwa baridi usikilize cheni sekunde za kwanza. Chomoa kijiti uone oili iko wapi na unuse. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, mvuke kidogo ni kawaida, lakini mvuke ukitoka kwa nguvu mpaka kifuniko kinaruka, pistoni zimechoka. Tia kidole ndani ya ekzosi, gari yenye DPF nzima kidole kinatoka karibu kisafi, kikitoka cheusi tii basi sega limepasuka au halimo. Na kabla hujatoa pesa mwambie afungue pale panapokaa themostati, uione kwa macho yako.